Fundi Cherehani na Gari Lisilochoka

Kwanza niondoe dhana moja: Fundi hakuwa fundi wa magari. Alikuwa fundi cherehani, na vioja vyote nitakavyosimulia hapa vilianzia hapo. Mgeni akiambiwa kwamba kule Kirushya kuna Fundi mwenye gari lililowahi kushindana mbio, alitegemea kukutana na mtu mwenye mikono ya grisi na sauti ya kufokea watu. Badala yake alikuta bwana mfupi, nadhifu, futi kamba shingoni, pini mbili tatu zimebanwa kwenye midomo, anakaribisha watu kwa sauti ya chini asije akazimeza.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Nilikuwa mwalimu kijana, Msubi wa Biharamulo, nimepangiwa shule ya Kirushya, Ngara, wakati nyumba za kijiji cha ujamaa zilikuwa bado zinanukia nyasi mbichi za kuezekea. Suruali niliyokuja nayo ilikuwa inafagia barabara, na wanafunzi walishaanza kunicheka. Nikaenda barazani kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Simama wima nikupime."

"Nimesimama wima."

Alinitazama, akajitazama, akacheka mpaka pini ikamdondoka. "Kumbe! Basi wewe na mimi tulikatwa kwenye kitambaa kimoja, na kilikuwa kimebaki kidogo."

Tangu siku hiyo sikupita barazani kwake bila kukaa. Alikuwa na namna ya kuongea inayokufanya usahau kurudi nyumbani. Kila jambo kwake lilikuwa nguo. Ndoa ya jirani ikivunjika, alisema imeachia kwenye mshono. Mkutano wa kijiji ukirefuka, alisema unahitaji kukunjwa pindo. Na kitu chochote kikimshinda, awe amekosea yeye au amekosea Mungu, alisema neno lilelile: "Tutafumua, tushone upya." Nimemsikia akilisema kwa sketi ya mke wa mwenyekiti, na nimemsikia akilisema amelala chini ya gari, miguu nje, moshi umemjaa usoni.

Gari lenyewe sasa. Lilikuwa saluni ya Kijapani, jekundu, fupi kwenda juu kama mwenyewe, lenye mistari miwili myeusi kwenye boneti na kabureta mbili badala ya moja. Lilishuka melini Mombasa, likapelekwa Kampala, na huko kijana wa Kihindi, mtoto wa mwajiri wa Fundi, alilitumia kwenye mashindano ya mbio za magari. Fundi alikuwa ameshona suti katika duka la baba yake kijana huyo kwa miaka mingi. Watu wetu wa Ngara wengi walikwenda Buganda kulima na kurudi. Yeye alikwenda, akakaa. Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda, mwajiri wake alimwambia achague: cherehani zote za dukani au gari, kwa chochote alicho nacho. Fundi akatoa akiba yake yote, akachagua gari.

Fundi cherehani anaacha cherehani! Watu walidhani amerogwa. Hata mimi nilimwuliza siku moja, tulipozoeana.

"Mwalimu," alinijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa, "cherehani haiwezi kumpeleka mama hospitali."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Mtu huyu alikuwa na hofu moja tu maishani. Hakuogopa umaskini, wala serikali, wala barabara zetu. Aliogopa siku mama yake atakapougua, na watu wasije kumbeba.

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze. Kwenye milima ile, mgonjwa alibebwa kwa ingobyi. Ni machela iliyosukwa kama kapu refu, ina miti miwili ya kubebea, wanaume wanne wanaitia mabegani na wengine wanafuata kuwapokea wanapochoka, huku wanaimba. Bibi harusi naye alifika kwa mumewe ndani ya ingobyi. Kila kaya ilikuwa na zamu. Usipokwenda kubeba wa wenzio bila sababu, na wako atakuja kulala ndani na homa yake, watu wanapita njiani wanakusalimia tu. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, lakini hakuna aliyekuwa na shaka nayo.

Sasa Fundi alikuwa na makosa mawili. La kwanza, alikaa Buganda miaka yote hiyo na hakumbeba mtu. Hilo alilimaliza kwa mitungi ya rubisi, pombe ya ndizi, aliporudi, watu wakanywa, wakasamehe. La pili halikuwa na dawa: alikuwa mfupi. Ingobyi inataka mabega yanayolingana. Akiingia mfupi mmoja, upande wake unazama na mgonjwa anaserereka. Kwa hiyo kila safari alipewa kubeba vyungu na mkeka wa mgonjwa, akafuata nyuma pamoja na akina mama. Alibeba vyungu hivyo kwa heshima zote, na vilimuuma kuliko kubeba jiwe.

Gari ndilo lilikuwa jibu lake. Aliamini kabisa kwamba siku atakayoingia nalo kijijini, deni la mabega litakuwa limekwisha.

Kwanza ilibidi lipone kwa wakubwa. Enzi zile mtu mwenye gari lake peke yake alikuwa anatafutwa jina, na jina lilikuwa kupe. Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mkali lakini wa haki, akasimama akasema, "Ndugu Fundi, gari la mtu mmoja katika kijiji cha ujamaa ni unyonyaji."

"Ndugu Mwenyekiti," Fundi akajibu, "hili gari halijamnyonya mtu yeyote isipokuwa mimi."

Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Akalizunguka gari, akafika mlangoni, akasimama. Kwenye kila mlango kulikuwa na duara jeupe, na ndani yake namba saba kubwa nyeusi, namba ya mashindano ya yule kijana wa Kampala. Mwenyekiti akaitazama kwa muda. Uso ukamlegea. Akageuka akauambia mkutano kwamba ndugu huyu, pamoja na kuishi ugenini, hakusahau Sabasaba, siku chama kilipozaliwa, mpaka akaiandika kwenye mlango wa gari lake. Tulipiga makofi. Fundi akainamisha kichwa kama mtu anayeona haya kusifiwa. Kuanzia hapo gari tuliliita Saba, na katika sherehe za mwezi wa saba lilitangulia mbele ya gwaride la wanafunzi wangu, kwa mwendo wa mguu.

Mwendo wa mguu ndio uliokuwa mwendo wake wa kawaida, na hii ni moja ya tabia zake ambazo hazikunikaa sawa. Alikuwa na gari lenye mbio kuliko yote Ngara na Biharamulo, na baiskeli zilimpita. Alipenda kulisifia kasi yake akiwa barazani. Akishika usukani, hakuvuka gia ya pili. Alikuwa bahili wa uzi, vipande vya uzi wa kiganja kimoja alivihifadhi kwenye kopo, lakini petroli alimwagia kila mwenye shida. Serikali ilipokataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta, yeye alivaa suti yake ya Kampala, akaingia ndani ya Saba uani, akafunga mlango, akakaa. Gari limezimwa. Alibadilisha gia, akageuza kioo, akasalimia wapita njia kwa kichwa. Jua likipungua alishuka, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Kulirekebisha kwake kulikuwa hadithi nyingine. Saba lilitengenezwa kwa ajili ya lami, na kwetu lami tuliisikia kwa jina. Tumbo lilikuwa linakwangua kila jiwe. Fundi akalipima kwa futi kamba, mbele na nyuma, akasema linahitaji kupandishwa pindo. Akaenda Biharamulo, akarudi na springi za pikapu iliyokufa, akazifunga nyuma, maana nyuma ndiko lilikokuwa linakwama. Mbele akapaacha vilevile. Matokeo yake gari likainamia chini kama mtu anayetafuta sindano, na taa zikawa zinamulika kwato za ng'ombe tu. "Tutafumua," akasema, akaenda tena Biharamulo kutafuta springi za mbele. Safari hii likapanda lote, likasimama juu ya magurudumu yake kama kuku anayevuka tope. Alifurahi sana. Alinifanya niingie chini yake nitambae mpaka upande wa pili ili nishuhudie.

Bomba la moshi nalo lilikuwa la mashindano, linanguruma hata likiwa limetulia. Katekista alilalamika kwamba linaua sala. Fundi, mtu wa amani, akashona koti la turubai, mishono miwili miwili, lenye vifungo, akalivalisha bomba. Jumapili iliyofuata asubuhi alifika kanisani kimya kimya, akaegesha karibu na dirisha, akaingia. Tulikuwa katikati ya wimbo tuliposikia harufu. Koti lilikuwa linawaka, na katekista ndiye aliyetoka mbio na ndoo ya maji. Baada ya hapo hakulalamika tena, alisema afadhali kelele.

Lakini hayo yote yalikuwa mchezo. Kazi yenyewe ilikuwa kulipeleka Saba mbele ya watu wa ingobyi, likubaliwe. Mkuu wao alikuwa mzee mrefu, mkavu, ambaye sisi tulimwita Mzee wa Ingobyi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu hasa, "l" na "r" zinabadilishana nafasi zinavyotaka. Fundi akaeleza hoja yake. Kuanzia sasa yeye atabeba kwa gari. Kila mgonjwa, mchana na usiku. Kwa hiyo ahesabiwe kuwa anabeba kama wenzake, na siku ya mama yake ikifika, wenzake waje.

Mzee wa Ingobyi akavuta kiko chake. "Fundi, wewe utakuwa umekaa?"

"Ndiyo, Mzee. Kwenye usukani."

"Na sisi?"

"Ninyi mtapumzika."

"Sasa nani atakuwa amebeba?"

"Gari, Mzee."

"Gari harichoki," Mzee akasema. "Kitu kisichochoka hakijabeba mtu. Rinapita tu."

Watu wakaitikia, "Ego," yaani ndiyo, na Fundi akarudi barazani kwake.

Wiki kadhaa baadaye akaja na jibu lake, na lilikuwa jibu la fundi cherehani. Alikuwa ameng'oa viti vyote vya Saba isipokuwa cha dereva. Ukuta kati ya viti na buti ameukata, akazungushia kingo zake upindo wa turubai ili zisimchane mtu. Kwenye paa ameshonea mikanda minne ya ngozi. Ingobyi nzima iliingia kwa nyuma na mgonjwa wake ndani, ikaning'inia kwenye mikanda, na miti yake ikatokeza nje ya buti kama urefu wa mkono. "Mtashika hapa," aliwaambia wabebaji, akiigusa miti. "Mgonjwa hajatoka mikononi mwenu. Gari linawasaidia uzito tu."

Mzee wa Ingobyi akaizunguka miti ile, akaitikisa, akaguna. Akasema wajaribu.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Mrina asali wa Mabawe alikuwa ameanguka mtini, mguu umevunjika. Aliingizwa ndani ya Saba, wanaume wawili wakashika miti kwa nyuma, wengine wakapanga foleni ya kuwapokea, wimbo ukaanza, na gari la mashindano lenye kabureta mbili likaanza safari ya hospitali ya misheni kwa gia ya kwanza. Fundi hakuthubutu kuongeza mwendo, maana nyuma kulikuwa na wazee wameshika. Kwenye mteremko walilivuta lisikimbie. Kwenye kupanda walilisukuma. Rejeta ikachemka mara kadhaa, tukawa tunasimama kuipa maji huku mgonjwa akiuliza kwa sauti ya unyonge kama tumefika. Tulifika jioni, saa ileile ambayo tungefika kwa miguu, ila safari hii petroli ilikuwa imekwisha pia.

"Rimesaidia," Mzee wa Ingobyi akatamka, akijifuta jasho. "Rimetuonyesha njia."

Njia aliijua tangu utoto wake, lakini Fundi alilipokea neno hilo kama nishani. Usiku huo hakulala kwa furaha, mwenyewe aliniambia.

Aliyekataa katakata alikuwa mama yake. Bibi huyo alikuwa mdogo wa umbo, macho makali, anavuta tumbaku. Fundi alipomwonyesha mikanda na turubai, bibi alichungulia ndani, akatema mate pembeni. "Nilikuja kwenye mlima huu kwa ingobyi, nimebebwa na watu. Siondoki juu ya mlima huu ndani ya bati."

"Mama, ingobyi ipo. Hii hapa."

"Naiona. Watu wako wapi?"

Fundi hakumlazimisha. Lakini kila jioni niliona anavyomtazama mama yake akikohoa, na anavyolitazama gari.

Vita na Uganda ilipoanza, maisha yakabana ghafla. Tulikuwa mbali na mapigano, lakini redio zilikuwa wazi kutwa, na mgambo walikuwa wanafanya gwaride kwenye uwanja wangu wa shule. Fundi alikuwa ametundika ukutani kibati cha namba ya Uganda, kumbukumbu ya zamani ya Saba. Mama yake akakiona, akakiondoa bila kuuliza mtu, akakigeuza maandishi chini, akakifunikia mtungi wa maji na kukiwekea jiwe juu. Mgambo walipokuja kupekua waliomba maji, wakanywa, wakashukuru, wakaenda zao.

Kisha wakaja watu wa kukusanya magari kwa ajili ya vita. Ofisa wao alifungua mlango wa Saba, akashangaa. "Viti viko wapi?"

"Tulifumua," Fundi akasema.

"Vizuri. Majeruhi watalala."

Fundi hakubisha. Alimpima dereva askari kwa macho, akaona ni mrefu mno, akakisogeza kiti nyuma na kukikaza mwenyewe. Akamweleza habari ya kabureta mbili kama mzazi anayeacha mtoto kwa shangazi. Saba likaondoka, na kwa mara ya kwanza tukaliona linavyokimbia. Lilipotea kwenye kona ya Mabawe kabla vumbi halijatua. Fundi akabaki amesimama na futi kamba yake shingoni, na mimi nikamshika mkono tukarudi barazani.

Masika yale mama yake aliteremka bondeni, kwenye mahame ya nyumba yao ya zamani, ambako migomba yake ilikuwa bado inazaa. Alikuwa na kawaida ya kulala huko siku mbili tatu akipalilia maharage. Asubuhi moja ya mvua, niko darasani, Fundi akasimama mlangoni amelowa chapachapa.

"Mwalimu. Mama amepatwa na kichomi. Hawezi kuinuka."

Niliacha chaki palepale. Njiani alinieleza mpango wake, na ulikuwa mpango wa mtu aliyekata tamaa: mimi na yeye tumbebe mgongoni kwa zamu, kutoka bondeni kupanda mlima wote ule, katika tope lile.

"Fundi, ita watu wa ingobyi."

"Nitawaitaje? Gari lilikuwa ndilo bega langu, na halipo. Nimebeba vyungu, Mwalimu. Vyungu! Nikipiga yowe wasipokuja, mama atasikia kwamba hawakuja."

Alilia aliposema hivyo. Tukafika ukingoni, pale njia inapoanza kushuka bondeni, na hapo akasimama.

Jirani mmoja wa bondeni alikuwa ameshapiga yowe bila kutungoja. Kwenye kila njia ya mlima wetu, na mlima wa pili, wanaume walikuwa wanateremka kwenye mvua, majani ya migomba vichwani, wengine wanateleza na kuamka. Mzee wa Ingobyi alikuwa mbele, ameitia miti begani.

"Fundi, umesimama nini hapo?"

"Mzee, mimi sina gari."

"Nani amekuuriza gari?"

Tulimkuta bibi amejikunja, anapumua kwa shida, lakini macho yake yalikuwa wazi. Wakamlaza kwenye ingobyi, wakamfunika. Fundi, kwa mazoea, akainama kuchukua chungu. Mzee wa Ingobyi akamzuia kwa mkono, akautazama ule mlima wa kupanda. Kisha akanitazama mimi kuanzia viatu mpaka kichwani, na hapo niliona wazo linavyomwingia.

"Mwarimu, njoo hapa. Simama na Fundi." Tukasimama. Mabega yetu yalilingana kama tumepimwa. "Kupanda huku siku zote kunataka wafupi mbere, mgonjwa akae sawa. Tulikuwa naye mmoja tu, mmoja anaharibu. Sasa ni jozi. Bebeni."

Sijawahi kubeba kitu kizito vile, wala sijawahi kupokea heshima kubwa vile. Tope lilitufika kwenye vifundo, mti ulikuwa unanichubua shingo, na kando yangu Fundi alikuwa anahema na kuimba kwa pamoja, ameukamata mti kwa mikono miwili. Walipotaka kutupokea katikati ya mlima, alikataa. Mimi ningekubali, lakini ningekubali vipi peke yangu? Tulimfikisha juu sisi wawili mbele, warefu nyuma, na bibi hakuserereka hata kidogo. Kutoka hapo wengine wakapokea mpaka hospitali.

Alipona. Nayasema haya kwa raha, kwa sababu kwa wiki nzima tulisubiri habari nyingine. Alirudi Kirushya kwa ingobyi, amekaa wima, akisalimia watu kama bibi harusi.

Vita ikaisha, nami nikahamishiwa kwetu Biharamulo. Ilipita miaka kadhaa kabla sijamwona tena Fundi. Nilikuwa nimekwenda Ngara kwa shughuli za ualimu, na katika kurudi lori tulilopanda likatuharibikia karibu na Lukole, enzi hizo pori tupu. Tulikaa kando ya barabara tukila vumbi. Mara nikasikia mngurumo niliokuwa naufahamu.

Saba lilikuwa limerudi kutoka vitani. Lilipakwa rangi ya jeshi ovyo ovyo, ubavu umebonyea, lakini kwenye mlango ile saba ilikuwa inaonekana chini ya rangi ya kijani. Lilikuja polepole, kama kawaida yake, likasimama. Fundi akatoa kichwa, mvi zimemjaa, futi kamba shingoni.

"Mwalimu! Suruali hiyo bado ni yangu!"

Kando yake, kwenye kiti kilichotolewa kwenye lori na kushonewa kitambaa kipya cha maua, alikaa mama yake, kiko mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Kumbe siku hizi unapanda gari?"

"Marahaba. Panda nyuma, tunakwenda Biharamulo kwa mdogo wangu."

Nikapanda, nikakaa juu ya gunia la maharage, chini ya mikanda ya ngozi iliyokuwa bado inaning'inia. Sikuweza kuvumilia, nikamwuliza tena. Hofu ya gari ilimtoka lini?

"Hofu gani?" Bibi aligeuka akanitazama. "Nani aliogopa gari? Huyu mtoto alirudi kutoka Buganda na gari tu. Hana mke, hana ndugu, hana rika. Mimi nikifa, huyu atazikwa na nani? Ningepanda hili bati lake, ningekwenda hospitali na kurudi, na nisingejua kama ana watu." Akavuta kiko, akakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida. "Basi nikawaona wanakuja kwenye mvua. Na wewe nilikuona, unahema kama ndama. Sasa hata ndege nikiletewa nitapanda."

Niliyaona macho ya Fundi kwenye kioo, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kulisikia neno hilo. Alipangusa kioo kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

Bibi akagonga dashibodi kwa kiko. "Sasa mbona tunalala? Walisema lina mbio."

"Lina mbio, Mama."

"Ziko wapi?"

Fundi akakanyaga. Kabureta ya pili, ambayo kwa miaka yote ile nilikuwa nimeisikia kwa maneno tu, ikaamka, gunia likanisukuma mgongoni, na mlio wetu ukaingia kwenye miti ya pori la Biharamulo. Bibi alishika mlango kwa mkono mmoja, akaanza kuimba wimbo wa wabebaji, na sisi wawili tukampokea.